Sauti Ipo, Picha Hakuna

Bao la Zambia mwenzenu nililisikia tu, sikuliona. Ilikuwa Jumapili ya 21 Januari 2024, Taifa Stars wako San-Pédro, Ivory Coast, kwenye fainali za Mataifa ya Afrika, na sebule yangu hapa Kilangala imejaa watu mpaka mlangoni. Simon Msuva ametufungia dakika ya 11, Zambia wamebaki kumi kwa kadi nyekundu, na baba watoto ameshaanza kuwaahidi majirani soda. Kipindi cha pili kinaelekea ukingoni, kioo kikameta mara moja, kikawa cheusi tii. Sauti ikaendelea kama kawaida. Tukakaa gizani watu zaidi ya ishirini, tunamsikiliza mtangazaji, na dakika ya 88 tukasikia Patson Daka kasawazisha. Mzee mmoja wa jirani akasema, "Afadhali hatukuona." Watu wakacheka, wakapapasa kandambili zao mlangoni, wakaondoka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia chini ya tivi, pale kwenye soketi, mahali ambapo ilitakiwa kuwepo gadi, kile kiboksi cha kulinda umeme. Haikuwepo. Na aliyeitoa ni mimi.

Nianze mwanzo, mpenzi msomaji, maana aibu hii ina historia yake.

Kilangala ni huku kwetu mkoani Lindi, nchi ya mikorosho na ufuta. Mume wangu ni bwana shamba, afisa ugani kwa lugha ya ofisini, na mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mshahara wa watumishi wawili wa kijijini mnaujua. Tivi yetu, bapa, inchi 43, tuliipata mwaka 2021 kwa kaka yake mume wangu, mwenye kiduka cha vifaa vya umeme Kariakoo. Alitupa kwa bei ya kindugu, laki tano na arobaini, tulipe kwa mafungu matatu. Ilikuja kwa basi, imefungwa kwenye godoro kama mgonjwa.

Siku ilipofika, mume wangu alikuwa shambani na wakulima wake, simu haishiki. Shemeji akanipigia mimi. "Shem, sikiliza mambo mawili. Kwanza, hiyo tivi mwanga wake umewekwa wa dukani, wa kuvutia wateja. Ushushe mpaka nusu. Pili, msiiwashe bila gadi." Nikamjibu, "Sawa shemeji, nitamwambia mwenyewe akirudi."

La gadi nililisema. La mwanga, sijui nilisahau au nilipuuza. Mwanga mkali ulikuwa unapendeza bwana! Rangi zinawaka, watoto wanashangilia, majirani wanauliza tumenunua wapi. Nikaacha.

Kisha ikaja biashara yangu ya barafu. Nina friza dogo, nagandisha ubuyu na ukwaju kwenye vifuko, nauza shilingi 100 kimoja. Usidharau mia, inasomesha. Novemba 2023 gadi ya friza ikaungua. Nikasema nitanunua nyingine mwezi ukiisha, nikachomoa ya tivi nikaihamishia kwenye friza, tivi nikaichomeka moja kwa moja ukutani. Friza inaniingizia hela, tivi inaniingizia nini? Mwezi ukaisha, wa pili ukaisha, na mume wangu hakuwahi kuinama kuangalia nyuma ya kabati. Wanaume wangapi huinama?

Usiku ule wa mechi hakusema mengi. Asubuhi alimpigia kaka yake. Mimi niko jikoni, nimekalia mbuzi, nakuna nazi, na kila neno nalisikia. "Kaka, umeniuzia makapi. Miaka miwili na kidogo tu! Ungeniambia mapema kwamba mimi ni wa kutupiwa mabaki ya duka." Kaka mtu upande wa pili nadhani alijaribu kuuliza kuhusu gadi, maana nilimsikia mume wangu akipaza sauti, "Gadi ipo! Ipo toka siku ya kwanza!" Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama, nivuke ua, niseme. Nikaendelea kukuna nazi. Nilikuna mpaka nikafika kwenye kifuu.

Kwetu mdogo hamtamkii kaka maneno ya namna ile. Wakakata simu, na ikawa ndiyo basi.

Tivi tukaipeleka Lindi mjini kwa fundi mmoja, imezungushiwa mablanketi. Hakuifungua hata skrubu moja. Aliichomeka, akasikia sauti, akatazama kioo cheusi, akatoa hukumu: "Kioo kimekufa. Laki nne." Tukaona bora tuongeze tununue mpya, na kwa kuwa hela ya kuongeza hatuna, tukairudisha nyumbani ikakaa ukutani imefunikwa kitambaa cha mezani. Watoto wakahamia kwa jirani kuangalia tamthilia. Ukienda kuwafuata usiku, unawakuta wamelala kwenye jamvi la watu, unawabeba mmoja mmoja.

Lakini haikuwa tivi iliyonikosesha usingizi. Mama mkwe wangu anakaa Kilwa Masoko, na kila Idd wanawe wote hukutana pale. Idd el Fitri ya Aprili 2024, kaka mtu alikwenda, mume wangu akasema ana kazi za ufuta. Kazi za ufuta siku ya Idd! Jioni mama akanipigia mimi. "Mwanangu, hawa watoto wangu wana nini? Mmoja kala huku anaangalia mlango." Nikasema, "Mama, ni uchovu tu." Hilo nalo nikaliongeza kwenye hesabu ya uongo wangu.

Mwishoni mwa Aprili akarudi kijijini kijana mmoja niliyemfundisha hesabu darasa la sita, kasoma umeme VETA. Alikuwa anatengeneza simu na redio chini ya mwembe. Mume wangu, ambaye kwa wiki nzima alikuwa anaangalia video za mafundi kwenye simu na kujiona amehitimu, alikuwa ameshalegeza skrubu mbili za nyuma. Kijana alipoingia kitu cha kwanza alichosema ni, "Bwana shamba, weka chini bisibisi."

Akatueleza. Ndani ya tivi, upande wa bodi ya umeme, kuna kapasita moja nene yenye umbo la betri ya redio. Hata ukichomoa waya ukutani, inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 ikisubiri kidole chako. Ndugu zangu mnaojifunzia ufundi kwenye simu, hili lisikieni vizuri. Yeye alichomoa, akasubiri, akapima kwa mita, ndipo mkono ukaingia.

Lakini kabla ya kufungua alifanya kitu kidogo sana ambacho yule fundi wa laki nne hakukifanya. Aliiwasha tivi, akafunga madirisha, akaegemeza tochi ya simu kwenye kioo kwa mshazari. "Madam, njoo uangalie." Nikasogea. Kwa mbali, kama mtu anayepita nyuma ya pazia, nikaona msomaji wa habari anatikisa kichwa. Picha ilikuwepo! Muda wote ule picha ilikuwepo.

Kumbe tivi hizi bapa nyingi, kioo chenyewe hakitoi mwanga. Picha inachorwa kwenye kioo kama maua kwenye kanga iliyotundikwa dirishani, na nyuma yake kuna vitaa vidogo vilivyopangwa kwenye vipande virefu mfano wa rula, ndivyo vinavyoimulika. Mafundi wanaviita baklaiti. Vitaa hivyo vimeungana kwa mstari, kimoja baada ya kingine. Kimoja kikikata, umeme haupiti tena kwenda kwa wenzake, na bodi ikishahisi mstari umekatika inazima zote ili kujilinda. Sauti inabaki, picha inabaki, mmulikaji hayupo. Kioo chetu kilikuwa kizima kabisa. Kwa hiyo msomaji, siku tivi yako ikizimika ikabaki inaongea, kabla hujalia na kabla hujakubali laki nne, tafuta tochi.

Basi kijana akiwa anafungua, bila kuinua kichwa, akaniuliza, "Madam, tivi hii ilikuwa na gadi?"

Mume wangu ananiangalia. Mwanafunzi wangu ananingoja. Mimi niliyewachapa watoto wa watu kwa kuniambia daftari limeliwa na mbuzi, nikasema, "Ilikuwepo."

Akapima fyuzi, nzima. Akapima bodi ya umeme, nzima. Akasema, "Umeme ungepiga ungeanzia huku. Hapa gadi haihusiki." Nilipumua mpaka nadhani walinisikia. Miezi mitatu nimebeba mzigo usio wangu! Nikawa tayari moyoni nimeshajisamehe, nawaza nipike nini jioni.

Ndipo akaiwasha tena, akamulika na tochi, akaingia kwenye mipangilio. Akanyamaza kidogo. "Mwanga uko 100. Vitaa hivi vinaumizwa na joto. Ukiviwasha hivi kila siku mpaka usiku wa manane vinachoka haraka. Nani aliweka hivi?"

Mume wangu akapiga kofi. "Imekuja hivyo hivyo kutoka dukani! Si mnaona? Kaka alijua, akaninyamazia."

Na vitaa vipya, kijana akaendelea, havinunuliwi kwa inchi tu. Inabidi namba zilizoandikwa kwenye kile kipande zifanane, idadi ya taa ifanane, urefu ufanane. Hapa kijijini havipatikani. "Mngekuwa na mtu Kariakoo," akasema.

Hakuna aliyemjibu.

Usiku ule ndani ya chandarua nikasema yote. Nilianza na gadi kwa sababu ilikuwa rahisi, kwa kuwa ilishaonekana haina kosa. Kisha nikasema la mwanga: kwamba kaka yake hakumnyamazia, aliniambia mimi, siku ileile ya kwanza, na mimi ndiye niliyenyamaza. Na kwamba asubuhi ile ya simu nilikuwa jikoni.

Alikaa kimya mpaka nikadhani kalala. Kisha akauliza, "Kwa hiyo wakati namtukana kaka, ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

Akatoka chandaruani, akaenda kulala sebuleni kwenye mkeka. Siku mbili tuliongea kwa kupitia watoto. "Mwambieni mama yenu nachelewa." "Mwambieni baba yenu chakula kiko kwenye hotipoti." Mtoto wetu mdogo akaanza kufurahia hiyo kazi ya utarishi, akawa anaongeza na ya kwake: "Mama kasema unipe mia mbili."

Siku ya tatu alinifuata nje nikiwa naanika nguo. Nilijiandaa kwa maneno makali. Akashika upande wa shuka, tukaikamua pamoja, na akiwa anaangalia kamba, si mimi, akasema, "Lile fungu la tatu sikuwahi kulipa."

Laki moja na themanini. Mimi nilijua imelipwa zamani, aliniambia mwenyewe. Kumbe mwaka wa pili anamkwepa kaka yake, kila simu ikiita anaona deni. Tivi ilipozimika, alisema, kitu cha kwanza alichohisi hakikuwa hasira. Alihisi ahueni, maana sasa ana sababu ya kutolipa. Hasira ilikuja baadaye, akaitafuta. Sikujua nimjibu nini. Nguo zilikuwa bado nyingi, tukaendelea kuanika.

Jioni akapiga simu, akaweka spika.

"Kaka, shikamoo."

Kimya kirefu. Nilikuwa nasikia magari ya Kariakoo.

"Marahaba."

Akaongea, akajikwaa, nikamnyang'anya simu. "Shemeji, kosa ni langu." Nikaeleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kitu ambacho mpaka leo kinanichoma: "Shem, mimi nimeshawaambia watu hapa dukani kwamba sina mdogo." Hakusema amesamehe. Akasema, "Nitumieni picha ya zile taa, namba zisomeke. Na msibadilishe kile kipande kilichokufa peke yake, badilisheni vyote. Hivyo vingine vimeshakula joto lilelile, havitachelewa kufuata."

Nikachukua hela zote za barafu, elfu tisini na saba, nikamtumia kwa simu. Nyingine nikamwambia asubiri mnada wa ufuta.

Kifurushi kilipakiwa kwenye basi siku moja kabla ya Kimbunga Hidaya, kilichofika pwani Jumamosi ya 4 Mei 2024. Mnakumbuka mvua ile. Mafuriko yakakata barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, magari yakakwama kwa siku kadhaa, huku kwetu bidhaa zikaanza kuadimika. Basi lenye taa zetu likakwama upande wa pili wa maji. Kaka mtu akawa anapiga kila asubuhi. "Wamefika wapi?" "Bado Somanga." "Abiria wamekula?" "Sijui." "Mama huko Masoko yuko salama?" "Nimeongea naye, yuko salama." Hawakuwa na mada nyingine zaidi ya barabara, lakini waliongea kila siku, na mimi niliomba Mungu anisamehe, maana watu wako matatani na mimi nafurahia simu.

Taa zikafika, zimefungwa kwenye bomba la plastiki zisipinde. Kijana akaja mapema asubuhi, akatandika shuka safi kitandani kwetu, akaagiza dirisha lifungwe kwa ajili ya vumbi.

Nikuambie kazi ilivyo. Kifuniko cha nyuma kinatoka, kisha fremu ya mbele, kisha zile nyaya bapa kama utepe zinachomolewa kwa kucha, taratibu, zikikatika hapo hakuna fundi wa kuziunga. Halafu kinabaki kioo chenyewe. Ni chembamba kuliko ulivyodhani, kinapinda kama chapati, na pembeni kinaning'inia vijibodi vyake. Mtu mmoja hawezi kukiinua. Mikono miwili haitoshi, katikati kinabonyea na kuvunjika.

"Bwana shamba kule, Madam huku," kijana akasema. "Mnainua kwa pamoja. Mmoja asimtangulie mwenzake."

Tukashika pembe. Tangu yale ya kwenye kamba tulikuwa hatujatazamana vizuri, na sasa ikabidi tutazamane, maana ukimwangalia kijana hujui mwenzako anainua lini. Mume wangu akahesabu, moja, mbili, na kikanyanyuka. Tukatembea kiubavuubavu kama kaa mpaka chumbani. Mlangoni nilitaka kupiga chafya. Akaona, akasimama, akanisubiri. Ikapita. Tukakilaza kitandani, na nikagundua wote wawili tulikuwa hatupumui.

Chini ya kioo kuna karatasi nyeupe laini tatu, ambazo hutakiwi kuzishika kwa vidole wala kugeuza mpangilio wake, kisha plastiki nzito, kisha ndiyo taa. Kimoja katikati kilikuwa na doa jeusi, kama mbegu ya papai. Hicho tu. Kijana akang'oa vipande vyote, akabandika vipya, akavijaribu kabla ya kufunika. Sebule ikajaa weupe mpaka watoto wakaziba macho.

Tukarudisha kioo, moja, mbili. Alipoiwasha ilikuwa tangazo la sabuni. Sijawahi kuangalia tangazo la sabuni kwa makini kiasi kile. Kijana akashika rimoti, akashusha mwanga mpaka 45, akapokea elfu thelathini yake, akaaga. Ndipo mtoto akaonyesha kidole: kwenye kona ya chini kulia kuna kidoa cheusi. Sisimizi. Aliingia kati ya karatasi wakati tumeacha mlango wazi tukipita na kioo. Kumtoa ni kufungua upya yote, tukamwacha. Mpaka leo yupo, kila msomaji wa habari anasoma naye.

Idd el Hajj ya Juni 2024 tulikwenda Kilwa Masoko, sote. Fungu la tatu tulilikamilisha kwa hela ya ufuta, mume wangu alimpa kaka yake mkononi, mbele ya mama, na kaka akazihesabu. Wengine wangeziweka mfukoni bila kuhesabu ili kuonyesha upendo. Yeye alizihesabu noti moja moja, na nilimheshimu kwa hilo. Wiki mbili baadaye alipita Kilangala akielekea Mtwara kwenye biashara zake. Alivua viatu, akapokea maji, akaangalia tivi kwa dakika nzima bila kusema. Kisha akainama, mwanaume wa kwanza kuinama katika nyumba ile, akachungulia nyuma ya kabati. Akaiona gadi. Akaenda jikoni, akachungulia nyuma ya friza. Akaiona ya pili.

"Shem," akasema, "barafu ipo?"

Nikampa mbili za ukwaju. Akatoa shilingi 200, nikazipokea.